Onyo Linapochelewa: Shajara ya Seva ya Vihisi vya Ziwani, Kisumu

Jumatatu, Aprili 7

Tangu seva ifanyiwe matengenezo mwezi uliopita, maonyo ya oksijeni yanachelewa. Hayachelewi kila siku. Yanachelewa usiku wa mvua kubwa, stima inapopotea kando ya ziwa halafu ikarudi. Alfajiri ya juzi mfugaji mmoja wa samaki wa Dunga alipata ujumbe wetu akiwa tayari mtumbwini, ameamshwa na jirani. Alinipigia baadaye: "Mwanangu, simu yenu imenifikia nikiwa nimeshawaona tilapia wakitweta juu ya maji." Aliwahi kuvivuta vizimba viwili hadi maji ya wazi. Nimemwahidi kwamba tutaitafuta sababu mpaka tuipate, na shajara hii ni ya kazi hiyo.

Kwa wenzetu waliojiunga karibuni: vituo vyetu viko Dunga, Usenge, Anyanga na Mbita. Kila kizimba kina kihisi kinachopima oksijeni iliyoyeyuka majini pamoja na joto. Kipimo kikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, mwenye kizimba hutumiwa ujumbe mfupi. Vituo hurekodi pia mwangwi wa sona ili tujue samaki wanakaa kina gani, na rekodi hizo ni kubwa mno zikilinganishwa na vipimo. Vyote huja kwenye seva moja hapa Milimani: diski mbili za SATA za kuzunguka, moja nakala ya nyingine, juu yake mfumo wa faili wa ext4, unaopanga data diskini.

Linalonikosesha usingizi ni jinsi mambo mawili yanavyokutana. Dhoruba inapolivuruga ziwa, maji ya chini yenye oksijeni kidogo hupanda juu. Dhoruba hiyohiyo hukata stima na mtandao. Vikirudi, vituo vyote humwaga kwa pamoja rekodi zilizokuwa zimerundikana. Kwa hiyo mzigo mzito kabisa wa kuandika unaifikia seva saa ileile ambayo onyo lina thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mfumo ulio na kasi siku tulivu na kusuasua usiku wa dhoruba haumfai mfugaji yeyote.

Katika matengenezo yale yalibadilika mambo mawili tu. Mfumo endeshi ulipandishwa kutoka Debian 11 hadi Debian 12, yaani kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, ilitoka 5.10 ikaenda 6.1. Na ramu iliongezwa kutoka gigabaiti 8 hadi 64, maana uchambuzi wa sona ulikuwa unabanwa. Diski ni zilezile, ext4 ni ileile, na programu zetu hazikuguswa.

Jumanne, Aprili 8

Karibu kila mtu ofisini anaishuku kerneli. Mimi pia naiona kuwa mshukiwa wa kwanza, kwa sababu kati ya 5.10 na 6.1 kuna mabadiliko mengi kwenye ext4 na kwenye tabaka linalopanga foleni za diski. Lakini kushuku si kupima.

Nimeanza na takwimu tulizokuwa nazo. Wastani wa muda wa kuandika kwa siku nzima haujasogea, na ndiyo sababu ving'ora vyetu vya ndani havikulia. Wastani huzika dakika tano za maafa ndani ya saa ishirini na tatu za utulivu. Nilipozitoa zile nyakati ndefu peke yake, usiku wa dhoruba ulijitokeza wazi: fsync moja, yaani amri ya kuhakikisha data imefika diskini, ambayo kwa kawaida humalizika ndani ya milisekunde 25 hivi, ilikuwa ikichukua sekunde tatu, nne, nyingine zaidi ya kumi.

Kumbuka jinsi programu ya vipimo inavyofanya kazi. Inapokea kipimo, inakiandika, inaita fsync, inangoja diski ithibitishe, ndipo inapoamua kama onyo litumwe. Kimoja baada ya kingine. Kwa milisekunde 25, vipimo arobaini hupita kwa sekunde. Kwa sekunde tatu, ni ishirini kwa dakika. Foleni inajaa kwa namna ambayo hata diski zikitulia, kipimo cha Dunga kinabaki nyuma ya maelfu ya vipimo vya zamani kutoka vituo vingine.

Jumatano, Aprili 9

Nimepata bahati ya kunasa tukio lenyewe, maana stima ilipotea Usenge jana jioni. Programu ya vipimo ilikuwa katika hali ya D, ule usingizi ambao hata amri ya kuua haiukatizi. Nilipofungua rundo lake, yaani orodha ya hatua ilizokuwa ndani yake, kwenye /proc, saraka ambako kerneli huonyesha hali ya programu, ilikuwa imekwama kwenye jbd2_log_wait_commit. Kwa maneno mengine haikuwa ikingoja data yake ndogo iandikwe. Ilikuwa ikingoja jonali ya ext4, daftari linaloandika mabadiliko kabla hayajatekelezwa, ifunge muamala, yaani fungu moja la mabadiliko hayo.

Hapo nikasoma faili ya info iliyo chini ya /proc/fs/jbd2. Watu wengi huipita bila kuiangalia, nayo husema mambo mengi: kwa wastani muamala umengoja kwa muda gani, umefungwa kwa muda gani, umetumia muda gani kumwaga data na muda gani kuandika jonali yenyewe. Katika dakika za msongamano, karibu muda wote ulikwenda kwenye kumwaga data. Jonali yenyewe ilikuwa nyepesi.

Data ya nani? Ya programu ya sona. Hiyo hupokea vifurushi vilivyobanwa, huvifungua, huviunganisha kuwa faili moja ya kituo kwa siku, yenye gigabaiti sita hivi, kisha huita fsync mara moja mwishoni na kuibadilisha jina. iostat, chombo cha kutazama shughuli za diski, inaonyesha diski zikiwa zimeshikwa asilimia mia dakika hiyohiyo, na foleni ndefu.

Tuko karibu, ila bado hatujui kwa nini faili hizo hazikutusumbua kabla ya matengenezo. Zilikuwepo, kwa ukubwa uleule.

Ijumaa, Aprili 11

Leo tumefanya jaribio ambalo naliona ndilo moyo wa kazi nzima, nami nalieleza kwa kirefu ili yeyote aweze kulirudia.

Mambo yakibadilika mawili kwa pamoja, kurudisha moja na kuliacha jingine ndiyo njia ya kuyatenganisha. Kerneli ya zamani ilikuwa bado imo kwenye /boot, kwa hiyo kuwasha seva kwa 5.10 ni suala la kuchagua kwenye orodha. Na ramu haihitaji bisibisi: ukiongeza mem=8G kwenye mstari wa kuwashia, kerneli hujifanya haioni zaidi ya gigabaiti 8. Hivyo tunapata hali nne, kerneli mbili kwa ramu mbili.

Tulichagua saa sita mchana. Jua likiwa kali mwani hutoa oksijeni, na hatari vizimbani huwa ndogo kuliko usiku na alfajiri. Mwenzangu wa vihisi aliwapigia wafugaji kabla ya kila kuzima, na kwa kila kituo alikuwepo mtu mwenye kipimo cha mkononi. Sikutaka jaribio la kuokoa samaki liwe sababu ya kuwapoteza.

Mzigo ulikuwa vifurushi vyenyewe vya usiku ule wa dhoruba, tulivyokuwa tumevihifadhi. Pembeni tuliendesha fio, programu ya kupimia diski, ikiandika rekodi ndogo moja moja na kuita fsync kila mara, kama ifanyavyo programu ya vipimo, huku ikihifadhi muda wa kila fsync badala ya wastani.

Kerneli mpya na ramu 64: kusita kwa karibu sekunde arobaini na tano kwa kila faili ya sona. Kerneli ya zamani na ramu 64: vilevile, tofauti haionekani kwa macho. Kerneli mpya na ramu 8: kusita kwa sekunde kumi hivi, kisha mambo yanatulia. Kerneli ya zamani na ramu 8: sekunde kumi vilevile.

Kerneli haina hatia. Kama tungeanza kuchambua mabadiliko yake nusu kwa nusu, toleo kwa toleo, tungetumia wiki kadhaa kutafuta kitu kisichokuwepo. Ramu tuliyoongeza ili seva iende kasi ndiyo iliyochelewesha maonyo.

Jumatatu, Aprili 14

Mkutano wa asubuhi uliniuliza swali la haki: ramu zaidi inawezaje kudhuru? Haya ndiyo maelezo niliyotoa, nimeyaandika upya kwa utulivu.

Programu ikiandika faili, data haiendi diskini papo hapo. Inakaa kwenye ramu kama kurasa chafu, na kerneli huzipeleka diskini baadaye. Kuna mipaka miwili. Kurasa chafu zikifika kiasi cha dirty_background_ratio, kerneli huanza kuzisafisha taratibu kwa nyuma. Zikifika dirty_ratio, programu inayoandika huzuiwa yenyewe, inalazimishwa kwenda kwa mwendo wa diski. Viwango vya kawaida ni asilimia 10 na asilimia 20 ya ramu inayopatikana. Juu ya hayo, ukurasa uliokaa mchafu kwa sekunde 30 husafishwa hata kama mipaka haijafikiwa.

Sasa piga hesabu. Ramu ya gigabaiti 8: usafishaji huanza data ikifika kama megabaiti 700, na programu huzuiwa karibu na gigabaiti moja na nusu. Programu ya sona ilipofungua faili yake ya gigabaiti sita, sehemu kubwa ilikuwa imeshatiririka diskini kabla ya fsync ya mwisho. Kilichobaki ni gigabaiti moja na kidogo, na kwa diski zinazoandika megabaiti 130 kwa sekunde, hizo ni sekunde kumi. Ndizo sekunde kumi tulizoziona Ijumaa. Zilikuwepo miaka yote, ila onyo likichelewa sekunde kumi hakuna anayegundua.

Ramu ya gigabaiti 64: mpaka wa kwanza uko karibu na gigabaiti sita, wa pili karibu na kumi na mbili. Programu ya sona humaliza kufungua faili yake kabla ya sekunde 30 kutimia. Faili nzima imo ndani ya ramu, hakuna kilichoanza kusafishwa. Ndipo fsync inaitwa, na gigabaiti sita zinashuka kwa mpigo. Sita kugawanya kwa megabaiti 130 ni sekunde arobaini na sita. Hesabu na kipimo vimekubaliana, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba tumeushika mkia wake.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Tangu toleo la 4.10 la mwaka 2017, kerneli ina kizuizi kinachopunguza kasi ya usafishaji wa nyuma ili waandishi wengine wapate nafasi. Lakini data inayosukumwa na fsync ni ya dharura machoni pake, kuna programu inayoingojea, hivyo haipunguzwi kwa namna hiyo. Kazi ileile iliyokuwa ikifanyika kwa adabu sasa inafanyika kwa fujo.

Na kwa nini kipimo chenye baiti mia mbili kingoje data ya sona? Kwa sababu jonali ya ext4 ni moja kwa mfumo mzima wa faili. Katika hali ya kawaida, ile ya ordered, muamala haufungwi mpaka data ya faili zilizogawiwa nafasi ndani yake iwe imefika diskini. Kipimo chetu na faili ya sona vinajikuta ndani ya muamala mmoja, kama bodaboda iliyokwama nyuma ya trekta la miwa kwenye barabara ya Muhoroni.

Haya si mageni kwa wanaoitunza Linux. Mwaka 2013 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikubali katika mjadala wa wasanidi kwamba mipaka ya asilimia haifai kwa mashine zenye ramu kubwa. Asilimia 10 ilikuwa na maana ramu ilipokuwa ndogo. Ramu imekua mara maelfu, kasi ya diski za kuzunguka haikukua hivyo.

Jumatano, Aprili 16

Mapendekezo yamekuja mengi. Naandika yale tuliyoyakataa, maana sababu za kukataa ni muhimu kuliko orodha ya tuliyoyakubali.

Kuondoa fsync kwenye programu ya vipimo. Hapana. Stima ikikatika Milimani kabla kerneli haijasafisha, vipimo vya nusu dakika nzima vinapotea, na vipimo hivyo ndivyo tunavyovihitaji ili kujua nani ameshatumiwa onyo na nani bado.

Kuweka ext4 katika hali ya writeback, ambapo muamala haungoji data. Kasi ingeongezeka, nakubali. Lakini hali ya ordered ipo kwa sababu nzuri: seva ikizimika ghafla, faili isije ikaonyesha takataka za vipande vya zamani vya diski vilivyokuwa vya faili nyingine. Katika mji ambao mvua ikianza tu tunaangalia taa, sioni haki ya kuondoa kinga hiyo. Kwa sababu hiyohiyo tumekataa kuzima amri zinazoilazimisha diski kuandika kilichomo kwenye kache yake, yaani kumbukumbu yake ya muda.

Kutenganisha sehemu ya diski, vipimo viwe na ext4 yao na jonali yao. Hili tulilijaribu, na lilisaidia nusu. Muamala wa vipimo uliacha kungoja data ya sona, lakini kichwa cha diski ni kilekile na foleni ni ileile. Limebaki kwenye mpango, kwa diski ya pekee.

Kurudisha ramu ya zamani. Wenzetu wa uchambuzi wa sona wanaihitaji hii mpya, na tatizo ni mipaka, ramu haina kosa.

Jumanne, Aprili 22

Baada ya Pasaka tumerudi na kuweka marekebisho matatu, moja moja, tukipima kila baada ya moja.

La kwanza ni mipaka. Tumeacha asilimia, tumetumia vm.dirty_background_bytes kwa megabaiti 64 na vm.dirty_bytes kwa megabaiti 256. Angalieni: ukiweka thamani ya baiti, ile ya asilimia hujisoma sifuri, msishtuke. Hili peke yake lilishusha kusita kutoka sekunde arobaini na tano hadi mbili kwa kila faili.

La pili ni programu ya sona. Sasa kila ikiandika megabaiti 8 inaita sync_file_range, inaiambia kerneli ianze kuzipeleka, na inangoja kipande kilichotangulia kabla ya kuendelea. Hifadhidata ya PostgreSQL inafanya jambo la namna hii tangu toleo la 9.6. Tahadhari moja: sync_file_range haihifadhi taarifa za faili wala haiilazimishi diski kumwaga kache yake, kwa hiyo fsync ya mwisho imebaki palepale. Tofauti ni kwamba ikifika, kazi iliyobaki ni ndogo.

Nalipenda hili kuliko la kwanza. Mipaka ya kerneli inagusa kila kitu kwenye seva, na siku moja mtu atasakinisha mfumo upya aisahau. Programu yenye adabu huenda na adabu yake popote inapowekwa.

La tatu ni programu ya vipimo. Badala ya fsync kwa kila kipimo, inakusanya vilivyofika ndani ya milisekunde 100 na kuvithibitisha kwa pamoja. Na vipimo vipya vinatangulia vya zamani kwenye foleni. Mfugaji wa Dunga anahitaji kujua oksijeni ya sasa. Ya saa nane usiku iliyokuwa imekwama kituoni inaweza kungoja.

Jumatatu, Aprili 28

Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha kwa nguvu kuanzia saa tano. Stima ilipotea Dunga na Mbita, ikarudi karibu saa kumi alfajiri, na rekodi zikaanza kumiminika. Nilikuwa macho nikizitazama.

Faili za sona zilichukua muda mrefu kidogo kuliko zamani kuingizwa, jambo tulilolitarajia na ambalo halimdhuru mtu. Fsync ndefu kuliko zote kwa upande wa vipimo haikufika nusu sekunde. Kipimo cha kizimba kimoja cha Dunga kilishuka chini ya 3, na ujumbe ukatoka kabla ya sekunde mbili kupita. Mfugaji amethibitisha kwamba aliupata akiwa bado nyumbani.

Yaliyobaki: diski ya SSD kwa ajili ya vipimo peke yake, iliyo na kapasita za kuilinda stima ikikatika, kufuatilia urefu wa fsync zilizochelewa zaidi badala ya wastani, na king'ora kilie zikizidi sekunde moja, na jaribio la vifurushi vya usiku wa dhoruba liendeshwe kila kabla ya kubadilisha chochote kwenye seva, iwe kerneli, diski au ramu. Mwenzangu wa vihisi ameanza kuandika hilo la mwisho leo mchana.